Mteja Hajafika

4 Februari

Dada, shikamoo.

Najua ukiona barua pepe yangu ndefu unaanza kutafuta ombi liko wapi. Basi naliweka juu kabisa tusipotezeane muda: nataka Baba acheze gemu yangu.

Usicheke kwanza. Imekaribia kwisha. Nimeituma kwa mtandao, ile kompyuta niliyowaachia inatosha kuichezea, na yule jirani fundi redio atakuwekea bila taabu. Pedi ya kuchezea iko kwenye kifurushi. Ina vitufe vichache, Baba hatapotea.

Inaanza hivi. Wewe ni seremala. Unaingia karakanani kwako asubuhi, unafungua madirisha, unafagia maranda ya jana, unanoa randa. Unaunda kigoda, ubao kwa ubao, unachemsha chai. Halafu unafungua mlango na kutoka, na hapo ndipo safari yenyewe inapoanza: barabara, mji uliohamwa, mtu unayemtafuta. Karakana nimeichora kama ilivyokuwa ya Baba kabla haijabomolewa kupisha barabara. Benchi lipo palepale, jiliwa ya kubania mbao yenye mpini uliopinda ipo palepale, hata ule msumari wa ukutani alipokuwa anatundika kofia.

Tatizo ni bosi. Kampuni itakayoiuza gemu inaongozwa na mama mmoja, jicho kavu, ambaye hukaa nyuma ya watu wanaojaribu gemu na kuwasikiliza wakihema. Anasema wanachoka wakiwa bado wanafagia. Wanazima, kisha wanaandika kwamba gemu ni mbovu, na mlango hawajaugusa! Sasa niambie, mtu acheze mpaka wapi ndipo awe na haki ya kusema mbovu? Mimi nimemjibu kwa sheria ya Baba. Unaikumbuka. Mteja akija kuchukua kiti, Baba anamkalisha juu yake, anampa kikombe cha chai, na hakuna ruhusa ya kusema kizuri wala kibaya mpaka chai iishe. Kuna waliounguza ulimi wakiwahi kulalamika.

Sheria hiyo mimi hakunipa. Nilipomwonyesha kazi yangu ya kwanza alisimama mlangoni, akatupa jicho, akasema, "Katuni," akaenda zake kupiga randa. Inaniuma mpaka leo, Dada, siwezi kudanganya. Ndiyo maana namtaka yeye. Mkalishe, mpe chai. Akitoka karakanani akaiona barabara niliyomtengenezea, na bado akasema ni katuni, nitakubali.

Mdogo wako,
Msumari


12 Februari

Msumari,

Marahaba. Kifurushi kimefika salama na fundi redio keshaweka kila kitu. Kanywa chai yangu mara mbili kwa kazi hiyo, kwa hiyo ana haki ya kuhukumu chochote.

Nilianza kucheza mwenyewe, nijue namtia mzee kwenye nini. Nikafungua madirisha. Nikafagia. Msumari, mimi nimeshika ufagio tangu kumekucha, sare za shule zimejaa mezani zinangoja vifungo, halafu nikae nifagie tena nyumba ya kwenye kioo? Nikazima. Ndiyo, nimehukumu kabla ya chai, nipeleke polisi.

Baba lakini kaipenda. Nilimshikisha pedi baada ya kifungua kinywa, nikarudi kwenye cherehani yangu mle mle chumbani. Kisha nikamsikia, "Nani kaacha madirisha yamefungwa?" Akayafungua moja moja. Chakula cha mchana kinaiva na yeye bado yumo.

Jambo jingine. Usipige simu kwa sasa. Baba simu hazitaki, anakuwa mkali, na ninayebaki naye ni mimi. Wewe andika tu.

Dada yako


20 Februari

Dada,

Hiyo barua nimeisoma mpaka nimeikariri. Kama sauti yangu bado haitaki, sawa, nishazoea kununiwa na mzee. Lakini anacheza! Mtu mkaidi kama yule, na anacheza!

Sasa nipe habari kamili, usiniandikie kama unatuma salamu redioni. Amefika wapi? Keshakutana na mwanamke muuza taa njiani? Kaona mji? Ile sehemu ya daraja niliirudia mpaka nikataka kulia, niambie uso wake ukoje akifika hapo. Anasema nini? Hata akitukana, niandikie tusi lenyewe.

Bosi ananiuliza kila Jumatatu kama nimefupisha mwanzo. Nimemwambia kuna seremala wa kweli anaijaribu, tusubiri neno lake. Kanitazama kama mtu anayemsikiliza mlevi.

Msumari


3 Machi

Msumari,

Haya, habari kamili.

Anacheza kila siku tangu akinywa uji wake mpaka mchana. Bado yuko karakanani. Anafungua madirisha, anafagia, ananoa randa na kuigeuza geuza aone makali. Halafu anaunda kigoda. Akikimaliza anamimina chai, anaweka kikombe juu ya benchi, anaweka pedi mapajani na kukaa. Nikimuuliza unafanya nini, ananiambia nipunguze kelele za cherehani. Vigoda vimekuwa vingi, anavipanga ukutani, sijui kama uliipanga iwe hivyo. Ukitazama kwa mbali ni kama anajiandaa kwa mkutano wa hadhara.

Muuza taa wako hajamwona. Daraja hajaliona. Mlango hajaufungua.

Ila aliniuliza nani kaitengeneza. Nikamwambia wewe. Akasema, "Huyo kijana anajua mbao."

Nimekuandikia kama alivyolitamka. Furahi, kisha kale, maana najua huli.

Dada yako


9 Machi

Dada!

Anajua mbao. Nimeliandika kwenye karatasi nikalibandika ukutani juu ya kompyuta. Wenzangu hapa wananiuliza mbao gani, nawaambia hamwezi kuelewa, rudini mkafanye kazi. Nilitoka nje nikazunguka jengo lote peke yangu nikicheka. Miaka yote ile, Dada, na kumbe ana hilo neno mdomoni.

Baada ya furaha nikaanza kufikiri, na hapo ndipo usingizi ulipokata. Kwa nini hatoki? Vigoda vingi hivyo sikuvipanga. Niliweka kigoda kimoja tu. Sikuwahi kudhani mtu angekaa kuunda cha pili, na cha tatu, kwa hiyo sikuweka pa kumzuia. Maana yake amekwama. Kama seremala mwenyewe hajui kwamba akimaliza anatakiwa kufungua mlango, basi nimekosea kumwonyesha, na yule mama jicho kavu ana haki.

Tafadhali mwambie atoke. Mwambie mlango uko kulia. Karakana ni mwanzo tu, ni kama kunawa mikono. Sitaki anihukumu kwa kunawa mikono.

Msumari


17 Machi

Msumari,

Mwache. Hajakwama. Anacheza anavyotaka, na mimi kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana napata kushona mkono mzima wa sare bila kuinuka.

Ulitaka neno lake, umelipata. Unataka nini tena, akupigie makofi?

Usiguse kitu. Nina kazi nyingi, nitakuandikia.

Dada yako


2 Aprili

Dada,

Umekaa kimya na mimi siku zimeniishia, bosi alitaka jibu. Nimeamua.

Mwanzo nimeuondoa. Karakana yote. Gemu sasa inaanzia barabarani, jua ndio linachomoza, seremala ana mfuko wake begani. Roho iliniuma kufuta lile benchi, lakini hata wewe ulizima ukiwa unafagia, usikatae. Walioijaribu jana wamefika mpaka darajani na mmoja alilia. Yule mama alinishika bega. Sikujua kama ana mikono.

Usihangaike kufanya chochote, gemu inajibadilisha yenyewe ikiwashwa. Kesho asubuhi Baba akiketi atakuwa tayari yuko nje. Nimemwondolea kikwazo. Sasa ndio ataiona kazi yangu. Niandikie kila atakachosema.

Msumari


3 Aprili

Rudisha karakana. Kabla hujamaliza kusoma barua hii inuka, irudishe, kisha ndipo uendelee.

Baba kumbukumbu zimemtoka. Sizungumzii usahaulifu wa kutafuta miwani iliyo usoni. Hajui kwamba Mama alishafariki. Mimi siku nyingine ananiita shangazi. Choo cha nyumba hii anakiulizia kila siku kama mgeni. Ilianza kabla hujatuma hiyo gemu. Mwanzoni, alipokuwa bado anajielewa, alinishika mkono akasema, "Msumari asiambiwe. Ataacha kazi yake aje kunitazama ninavyoharibika." Akaniapisha. Nikaapa, mjinga mimi. Simu nilikukataza kwa sababu sauti isiyo na mtu inamtisha, anazunguka nyumba nzima kuitafuta.

Sasa nielewe. Kila asubuhi gemu yako kwake ilikuwa mpya, na kila asubuhi alijua kila kitu kilipo. Humu ndani hajui kijiko kinakaa wapi. Mle alijua patasi iko wapi. Alikuwa anaunda kigoda, anamimina chai, anangoja mteja aje akae. Hakukwama, Msumari! Tangu lini Baba akatoka karakanani na chai imeshamiminwa? Tangu lini fundi akamfuata mteja barabarani? Wewe uliyenisomea sheria ya chai ndiye hukuliona hilo. Nami nililiona, nikakaa nalo kimya.

Na ile sifa. Kila siku aliuliza nani kaitengeneza, kila siku nikamwambia ni wewe, kila siku akasema huyo kijana anajua mbao. Halafu anauliza, "Ni wa nani?" Hilo swali la mwisho nilikukatia.

Leo kawasha kakuta barabara. Akabonyeza, akabonyeza. Akasema, "Wameibomoa." Taratibu tu, kama anayeongea na nafsi yake. Nikaenda jikoni kuepua sufuria. Niliporudi kiti kitupu na mlango wa mbele uko wazi.

Tunamtafuta. Fundi redio kaenda upande wa soko, majirani wengine wameshuka kwenye njia ya shule. Mimi nimeambiwa nibaki asije akarudi akakosa mtu. Naandika nimesimama.


3 Aprili, jioni

Dada,

Nimerudisha. Kila kitu kama kilivyokuwa, vigoda vyake vyote vimo, vilikuwa vimehifadhiwa. Akipatikana mkalishe umwashie.

Amepatikana? Niandikie neno moja tu.

Ungeniambia. Ningejua hata kidogo tu, nisingegusa msumari mmoja mle ndani. Uliniacha nimkate Baba kwa mkono wangu. Hapana, sifuti hilo, nina hasira na wewe na nina haki nayo. Halafu nakumbuka kwamba wewe ndiye uliyemwogesha na kumlisha, na mimi nilikuwa nazunguka jengo nikicheka.

Amepatikana?

Msumari


6 Aprili

Msumari,

Kapatikana siku ileile. Pale ilipokuwa karakana sasa kuna kituo cha mafuta. Alifika bila kumuuliza mtu njia, mtu asiyejua choo kiko wapi. Alikuwa anawaambia wahudumu wampishe afungue madirisha. Wakacheka, wakadhani mzee kalewa. Lori lilikuwa linarudi nyuma.

Nyonga imevunjika. Daktari anasema moyo hautahimili upasuaji, kaandika dawa za maumivu akaturuhusu turudi nyumbani. Sikumuuliza maana ya kuturuhusu.

Kompyuta nimeiweka mbele ya kitanda. Karakana yako ipo. Mikono haishiki pedi tena, basi nacheza mimi. Nafungua madirisha, nafagia yale maranda niliyoyakataa, na yeye ananisimamia kwa macho. Nikinoa vibaya anakunja uso. Kigoda changu cha kwanza kilimfanya afumbe macho kabisa, hata mimi nikacheka. Kisha namimina chai, tunakaa wote wawili tunangoja.

Una haki ya hasira yako, ikunje uje nayo. Njoo.

Dada yako


15 Aprili

Dada,

Bosi nimemwambia karakana inabaki. Akaniambia basi hawaihitaji gemu. Nimekusanya vitu vyangu, ile karatasi ya ukutani nimeibandua nimeiweka mfukoni, sijui kwa nini, na najua sasa anayejua mbao ni Baba, si mimi.

Nitakuja. Lakini sikiliza kwanza ninachofanya. Natengeneza mteja. Baba akimaliza kumimina chai, mtu atabisha hodi. Ataingia, atavua kofia, atachagua kigoda, atakaa. Atakunywa mpaka kikombe kiishe, na hatatamka neno kabla. Kumfanya mtu akae vizuri ni kazi ngumu kuliko lile daraja. Magoti yanapinda vibaya, mkono unapita katikati ya kikombe. Nimezima simu nisisumbuliwe.

Nikija nije na hicho. Nikija hivi hivi nitamwambia nini? Hanijui. Atauliza mimi ni wa nani, Dada, mbele yangu. Ngoja nimalize. Siku chache tu.

Msumari


21 Aprili

Msumari,

Achana na mteja wa kwenye kioo. Njoo wewe.

Hatambui uso, hatambui jina, ni kweli. Lakini mtu akibisha hodi Baba anageuza kichwa. Fundi redio akija kumwona, anamtazama mpaka aketi, na asipoketi hatulii. Jana alimkalisha kwa macho, nikampa chai, na Baba akamwangalia anavyokunywa, funda kwa funda. Kikombe kilipokwisha alimngoja aseme. Yule bwana hajui kitu, akasema, "Ahsante kwa chai, mzee." Baba akageukia ukuta.

Huhitaji magoti yanayopinda vizuri. Una yako. Chai ipo. Hali yake si nzuri, sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Dada yako


30 Aprili

Dada,

Nimemaliza! Nimekutumia asubuhi hii. Magoti yanakunjika, kofia anaiweka juu ya goti kama wateja wa zamani, na akinywa, chai inapungua kweli kikombeni. Nilihangaika na maneno yake kuliko chochote. Niliandika mengi, nikayafuta, nikaacha machache.

Mwashie Baba leo hii. Unda kigoda, mimina, halafu subiri kidogo.

Sijalala vizuri kwa siku kadhaa. Sasa nalala, nikiamka nawasha simu na kukata tiketi. Mwambie mteja anakuja.

Msumari


1 Mei

Msumari,

Nimekupigia simu mpaka nimechoka. Fundi redio kapiga. Majirani wamepiga. Nilikuandikia ujumbe mfupi wa simu, nao haukufika kwa sababu simu umeizima; kukaa niandike barua nimepata leo tu.

Baba alifariki tarehe 29 asubuhi. Nilikuwa nimefungua madirisha tu, ya mle kwenye gemu, hata kufagia sijaanza. Nikasikia kimya, nikageuka. Jana tumemzika. Nilitaka tukungoje, wakaniuliza tukungoje mpaka lini.

Mteja wako amefika jana hiyohiyo, tukitoka makaburini. Watu wamejaa uani, viatu vimejaa mlangoni, mimi nikaingia chumbani kwake kutoa shuka, nikaiona kompyuta. Nikaiwasha. Nikakaa pale kwenye ukingo wa kitanda nikafagia. Nikanoa. Nikaunda kigoda, na safari hii kimesimama sawa, hakichezi. Nikamimina chai.

Akabisha hodi. Msumari, nilishtuka nikasimama, nikadhani ni mtu wa uani.

Kaingia, kavua kofia. Vigoda vyote vile, na kachagua cha karibu na benchi, kile Baba alichokiunda mwisho kwa mkono wake. Kakaa vizuri. Kakunywa taratibu, sikumharakisha. Watu waliniita nje nikawaambia wangoje. Kikombe kilipokwisha akasema yale maneno uliyomwekea: "Kazi nimeiona, fundi. Ni nzuri. Mimi ni wa kwako."

Kisha akawa ananitazama. Pale chini pakaandikwa kwamba fundi ajibu, bonyeza kitufe. Sikubonyeza. Si mimi niliyekuwa naambiwa. Nikaiacha hivyo hivyo, naye bado yuko kwenye kioo, kofia gotini, anangoja.

Uliniuliza mwanzo kabisa mtu acheze mpaka wapi ndipo awe na haki ya kusema. Mimi nimekaa mpaka chai imeisha, kwa hiyo nasema. Ni nzuri. Ni kazi nzuri sana, mdogo wangu, na ungekuja wewe mwenyewe na mikono mitupu, ukakaa pale kitandani ukanywa chai iliyopoa, ukasema maneno hayohayo, angekusikia.

Tiketi kata ukitaka. Ufunguo wa nyumba uko kwa fundi redio.

Dada yako